Ushahidi wa Ukuta wa Jikoni

Ukuta wa jikoni ulipofungua kinywa kwa mara ya kwanza, ulisema kwa sauti ya Mejumaa mwenyewe.

"Karibuni, karibuni! Panguseni miguu hapo, theluji msiniletee kwenye mkeka!"

Mejumaa alikuwa kasimama pale pale, sinia la vitumbua mikononi, mdomo kaufumba. Sauti ilitoka baina ya friji na dirisha, yake hasa, na kale kakikohozi kake ka mwisho wa maneno, ila ilikuwa changa kwa miaka kumi na kitu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope, mama," alisema fundi. "Ni ya kawaida. Jengo likiamshwa huanza na kile lilichosikia mara nyingi zaidi."

Fundi aliitwa Bi Wolak, mwanamke wa Kizungu mrefu, mzaliwa wa mitaa hii hii ya kaskazini ya Chicago. Shingoni alivaa kidude cha tafsiri kilichogeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari. Alikuwa kabandika sahani ya bati ukutani, kama daktari anavyomwekea mgonjwa kipimo kifuani, na macho yake hayakutoka kwenye mistari iliyocheza juu ya kioo cha mkononi.

"Mara nyingi zaidi," Mejumaa alirudia. Alijaribu kucheka. "Basi mimi ndiye msemaji mkuu wa nyumba hii."

"Wewe ndiye nyumba hii, mama. Siku ya kikao cha kuamua kama jengo libaki au libomolewe, itatumia sauti yako kwa sehemu kubwa."

Lipu ile ilipakwa miaka kumi na tisa nyuma, baada ya majengo mengi ya matofali kuungua na watu wake. Mji ukaamuru kila jengo la kale lipakwe lipu sikivu, inayonusa moshi, inayosikia gesi ikivuja na ufa ukianza. Wapangaji wakaambiwa ni kinga. Ilikuwa ya kijivu, laini kama uji wa ulezi, na ilipokauka watu wakaisahau, wakatundika juu yake picha za harusi na kalenda za msikiti.

"Ndani yake kuna chembe ndogo kuliko unga," Bi Wolak alieleza, kitumbua tayari mdomoni. "Kila mtikisiko unazisogeza kidogo, na zikishasogea hazirudi. Tulipoziweka tulifikiria moshi tu. Baadaye ndipo tukagundua kuwa zimeshika na maneno."

"Maneno yote?"

"La. Anayepiga kelele katikati ya chumba, sauti yake hutawanyika. Anayenong'ona na mgongo kauegemeza ukutani, huyo huchimba."

Mejumaa alitazama ile kona ya friji. Pale ukuta ulikuwa umeng'aa kwa mafuta ya migongo. Hapakuwa na ndoa, talaka, mimba wala ugomvi wa Waswahili wa Chicago ambao haukupita kwenye kona ile kwanza, kabla wenyewe hawajajua. Yeye mwenyewe aliiita studio.

"Na wenye jengo nao," aliuliza, akiliweka sinia mezani taratibu, "walikuwa wakisikia haya yote?"

"Maneno walikatazwa na sheria. Walipewa hesabu ya vichwa peke yake. Wangapi wanalala nyumba ipi. Ndivyo wakaguzi wa kanda, wale wanaotoa wageni waliozidi nyumbani, walivyokuwa wakijua wagonge mlango upi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama. Hukujua?"

 Mejumaa alianza kuvipanga upya vitumbua kwenye sinia, kimoja kimoja.

Bi Wolak alimwachia makaratasi matatu na kikombe cha bati cha kusikilizia. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kuuruhusu ukuta useme mbele ya watu, na wa kutia sahihi alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, yaani Mejumaa. Kilichofunguliwa hufunguliwa chote, toka siku ya kwanza hadi ya mwisho, wala hakuna kuchagua. Karatasi ya pili ilikuwa ya kukumbusha kuwa mpangaji yeyote anaweza kudai ushahidi usomwe hadi mwisho. Ya tatu ilikuwa hati ya kufunga.

"Kama kuna saa moja ambayo mtu hataki isikike," Bi Wolak alisema akivaa koti, "inaweza kufungwa. Aliyesema na aliyesikia, wote wawili watie sahihi. Unaweza kuileta hata siku ya kikao, mradi saa yenyewe haijafikiwa."

Akasimama mlangoni, akakumbuka jambo.

"Na bomba likipata moto, ukuta unaweza kunung'unika wenyewe. Ukishaamka haulali tena vizuri. Vumilieni."

*

Jumamosi baada ya adhuhuri sebule ya Mejumaa ilijaa mpaka watu wakakalia kingo za dirisha. Jengo la Alder lilikuwa na nyumba hamsini na nne kuzunguka ua mmoja, na katika hizo arobaini na moja zilikuwa za watu wa pwani na bara, kutoka Tanga hadi Bukavu. Wote walikuwa wamepata barua ile ile. Ramani mpya ya mji ilikuwa imeupaka mtaa wao rangi ya zambarau, na zambarau maana yake kampuni ya Hallmere inaruhusiwa kubomoa na kusimamisha mnara wa ghorofa arobaini.

"Huyo aliyepaka rangi kashawahi kupanda ngazi zetu?" alifoka Mwanamkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu. "Mtu kakaa ofisini na kalamu zake, kaona mtaa wa watu unapendeza kwa zambarau, basi! Tuhame!"

"Lakini tuseme kweli, jamani," alidakia Mzee Chirau, kofia ya kiua kaisukuma nyuma. Alikuwa fundi lifti mstaafu, na katika jengo zima yeye peke yake ndiye aliyeutaka mnara hadharani. "Miaka thelathini nimetengeneza lifti za wenzangu, mimi mwenyewe nalala ghorofa ya tatu kwa magoti haya. Jengo gani hili la kuhifadhiwa? Limechorwa na nani? Matofali ya kahawia kama mia mengine. Ngazi za nyuma zikikanyagwa zinalia kama mbuzi wa kafara."

"Uzuri wake ni ua, mzee," Mejumaa alisema.

"Ua wa kuanikia chupi?"

Nyumba ikavunjika kwa vicheko. Mejumaa naye akacheka, maana kucheka kwake hakukuhitaji ruhusa, kisha akainua mwiko.

"Ndiyo, wa kuanikia chupi! Kila dirisha linatazama dirisha. Nikiunguza vitunguu, wa ghorofa ya tatu ananipigia kelele nizime moto. Bomba la joto linapita nyumba zote, ukiligonga kwa kijiko mara tatu mtu anakuja. Huko mnarani utagonga nini? Ukumbi mrefu kama wa hospitali, milango imefumba, kila mtu na lifti inayojua jina lake. Nani atanusa pilau yako, Mzee Chirau? Lifti?"

Watu wakapiga makofi. Hata Chirau alitikisa kichwa, kashindwa.

"Basi tia sahihi, Meja," alisema Mwanamkuu. "Jengo halina mchoraji wa kujulikana. Kilichobaki ni maisha yake. Ukuta useme, Baraza la Hifadhi, hao wanaoamua jengo gani lisibomolewe, lisikie watu wameishi hapa, zambarau ifutwe. Unangoja nini?"

Mwiko ukashuka.

"Mambo ya watu," Mejumaa alisema. "Mnajua yaliyosemwa kwenye kona ile? Mnataka yasomwe uani, mbele ya wageni? Hapa patabaki ndoa kweli? Mimi nawaonea huruma nyinyi."

 Kila mtu alitazama kikombe chake. Mke mmoja alimtazama mumewe, mume akatazama dari.

"Mimi nimemsema kila mtu hapa," Mzee Chirau alitangaza ghafla. "Mmoja mmoja. Hata marehemu. Afadhali mjue leo, siku ya kikao nisipoteze muda kuomba radhi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu walioponea chupuchupu. Mwanamke wa karibu na mlango akasema yeye pia, na mwingine akasema basi tutasutana mwaka mzima lakini tuwe na paa. Mikono ikainuka. Ilikuwa yote.

"Na mimi," alisema Mwanamkuu kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, "kuna jambo moja nataka kulisikia kwa masikio yangu. Nataka kumsikia Tunu wa ghorofa ya tatu akimsema marehemu kaka yangu. Miaka tisa nalingoja."

Nyuma ya friji, bomba likapata moto. Ukuta ukanung'unika kitu, hakuna aliyekishika. Mejumaa akaongeza sauti ya redio.

*

Wiki ile ukuta haukumpa nafasi. Alikuwa akimenya ndizi, ukamcheka nyuma yake kwa kicheko chake. Alikuwa akisali, ukasema, "Shoga, njoo nikwambie," akaharibu rakaa. Alihamisha kitanda katikati ya chumba. Alipika chakula cha watu kumi na kuwaita watu kumi, ili sauti za walio hai zizidi, na walipoondoka kimya kilikuwa kikubwa kuliko mwanzo.

Siku ya nne, jua la saa tano likiwa limejaa jikoni, alichukua kikombe cha bati. Bi Wolak alikuwa kamwonyesha: unakibandika, unazungusha pete yake hadi mwaka unaoutaka. Mejumaa alijua mwaka. Alijua mwezi. Akakibandika kwenye kona ya friji.

Kwanza alisikia sufuria. Kisha mnong'ono wake, wa karibu mno, kama mtu anayemsemea sikioni.

"Nakwambia, Tunu, ni Kitwana. Ndiye anayetuuza kwa wenye jengo. Wakaguzi wamekuja nyumba tatu, zote zile zenye wageni, wala hawakukosea mlango. Nani anayepita milango yote na sanduku la spana kama si yeye?"

Na sauti ya pili, kavu: "Umemwona kwa macho yako, Meja?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu, Tunu! Lazima nikutajie?"

"Mimi nitakwenda kumwuliza mwenyewe. Haifai mtu asemwe hivi na hana habari."

Mejumaa alikitoa kikombe. Wala hakukumbuka kuwa Tunu alijibu hivyo. Miaka tisa alikuwa amejiambia kuwa Tunu alicheka.

Watu hawakuwapo. Alikuwa yeye peke yake, na hasira yake juu ya mkaguzi aliyewatoa wajomba zake wawili waliokuwa wakilala sebuleni. Maneno yalitoka jikoni yakapanda ngazi, na ndani ya wiki Kitwana Mbega, aliyekuwa akitengeneza mabomba ya kila mtu, akawa hajibiwi salamu. Januari ikaja na baridi ile iliyovunja vioo. Kitwana alipatikana siku ya tatu, amekufa, kajikunja chini ya bomba la nyumba yake, ambalo kwake lilikuwa limeziba, baridi kama chuma cha nje. Mkononi alikuwa na kijiko.

Dada yake, Mwanamkuu, akaja kutoka Columbus kuzika, akaichukua nyumba ile ile, akauliza swali moja: nani alimzushia kaka yangu? Watu wakakumbuka waliyemwona kwenye mlango wa Kitwana akiwa na habari ile mdomoni. Aliyeileta ndiye aliyeizua, ndivyo walivyohesabu. Theluji ilipoyeyuka wakamsuta Tunu kwa kawaida ya kwao. Walimkalisha kwenye mkeka katikati ya ua, ngoma ikapigwa, mwanamke mmoja mmoja akaja na neno lake: ulisema, hukusema? Anayesutwa hainui kichwa wala hajibu. Tunu hakuinua, wala hakujibu. Tangu siku hiyo hapana aliyepiga hodi kwake.

Na aliyepiga ngoma alikuwa Mejumaa.

Alizungusha pete kidogo mbele, hadi Januari. Hakutaka. Mkono ulifanya wenyewe. Akasikia udi ukipulizwa, wasichana wakiimba hina ya bibi harusi, jikoni kumejaa. Kisha, kupitia bomba, mlio wa kijiko: ndo, ndo, ndo.

Alikiangusha kikombe na kufungua redio kwa sauti ya juu kabisa.

*

"Hodi."

Alisema mara tatu mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu. Mikono ilikuwa imeshika bakuli la mbaazi, na chini ya bakuli, hati ya kufunga.

Mlango ulifunguka kwa mnyororo. Jicho moja likamtazama toka ukosi hadi viatu.

"Umepotea njia," alisema Bi Tunu.

"Nimekuja kwako, dada."

"Basi dunia imekwisha." Mnyororo ukatoka. "Ingia. Usiegemee ukuta."

Nyumba ilikuwa nadhifu kwa namna ya kutisha. Kiti kimoja. Kikombe kimoja kwenye kichanja cha kukaushia vyombo. Tunu, mwenye miaka sabini na mmoja, alibaki amesimama, akamwachia mgeni kiti.

"Umesikia habari ya ukuta," Mejumaa alianza.

"Nasikia kila kitu. Bomba linapita kwangu pia."

"Wanataka kuufungua. Na kuna... kuna saa moja. Ile yetu."

"Ile yako," Tunu alisahihisha. "Na ile ya pili, bomba lilipogongwa, pia ni yako. Mimi siku ile ya Januari nilikuwa kazini, nimefungiwa huko na theluji siku tatu. Ningalikuwapo ningaliteremka."

Mejumaa alimsogezea bakuli. "Kwa nini hukusema? Uani pale, kwa nini hukuwaambia ni mimi?"

"Ungalipiga ngoma kwa nguvu zaidi." Tunu alifunua bakuli, akanusa. "Nazi umezidisha. Na wewe ulijaza watu nyumbani mwako, mimi sina hata paka. Nani angaliniamini? Kisha nikasema, ngoja, atakuja mwenyewe. Atakuja mwezi huu. Atakuja Ramadhani. Atakuja Idi." Alifunika bakuli. "Umekuja na karatasi."

Machozi yalikuwa yakimtoka Mejumaa bila kelele. Alitaka kusema kuwa nyumba hamsini na nne zinamtegemea, kuwa Mwanamkuu angemrarua, kuwa hakuna mtu angekanyaga tena sebule yake, na sebule ile ikikosa watu yeye angekuwa nani? Alitaka kusema kuwa Kitwana hakuwauza, lipu ndiyo iliyowauza. Akaisema hiyo ya mwisho.

Tunu aligeuka akatazama lipu ya kijivu nyuma yake.

"Ukuta," alisema mwishowe. "Kumbe ulikuwa ukuta." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Dada?"

"Mimi ni mzee. Mnara hautanipa chumba, na mimi sitaki kufia kwa wageni. Jengo libaki. Lete kalamu kabla sijabadili mawazo."

Akatia sahihi haraka, kama mtu anayepokea mzigo mlangoni. Kisha akafungua mlango na kusimama kando yake.

"Bakuli nitaliweka nje. Usihangaike kupanda."

*

Kikao kilifanyika uani, kwa kuwa sheria inataka jengo lisemee mahali lilipo. Ilikuwa Mei, madirisha yote yako wazi. Wajumbe watatu wa Baraza la Hifadhi walikaa mezani chini ya turubai, Bi Wolak pembeni na mashine yake, watu wa Hallmere wamevaa miwani myeusi. Wapangaji walijaa ua, ngazi na vibaraza. Bi Tunu alikaa peke yake kwenye ngazi ya nyuma, na kumzunguka palikuwa na nafasi ya watu sita ambayo hapana aliyeikalia.

Mejumaa, karatasi ya ruhusa ameshaitia sahihi, alivaa leso mbili. Kwenye fundo la ile ya ndani ilikuwamo hati, na jasho lilikuwa limeanza kuilowesha. Ngoja kidogo, alijiambia. Ukifika mwaka wa kumi nitainuka niitoe.

Jengo likaanza, mashine ikipita mbio saa za kimya na kupunguza mwendo penye maneno. Karibuni, karibuni, panguseni miguu. Watu wakashangilia. Likacheka, likapika, likalia kilio cha mtoto wa kwanza kuzaliwa bafuni. Likamtangaza Mzee Chirau akisema mke wa jirani ana miguu ya meza, na ua mzima ukageuka kumtazama. "Nilitangulia kuomba radhi!" alipiga kelele. Mume mmoja aliondoka akifuatwa na mkewe, kisha wakarudi wameshikana mikono. Likasoma dua, likanong'ona mimba, likamfundisha msichana kupika wali usishike ukoko. Wajumbe waliandika. Mmoja alivua miwani akapangusa macho.

Mwaka wa sita. Wa saba. Mejumaa hakuwa akisikia vicheko tena. Alikuwa akisikia damu yake masikioni. Wa nane. Wa tisa ukaisha. Akaingiza vidole kwenye fundo.

Mwenyekiti wa Baraza akainua mkono, na mashine ikanyamaza.

"Imetosha," kidude cha tafsiri kilisema kwa sauti yake ya taarifa ya habari. "Baraza halihitaji zaidi. Jengo hili lina maisha. Zambarau itaondolewa."

Vigelegele vilipasuka kutoka madirisha yote. Watu walikumbatiana, Chirau alirusha kofia, mtu akambeba Mejumaa juujuu na kumshusha. "Mwenyekiti wetu! Meja! Leo pilau!" Hati ilikuwa bado fundoni, haina kazi tena. Hapana aliyejua. Hapana ambaye angejua. Akacheka, akasikia kicheko chake kikirudi kutoka kuta nne kama cha ukuta wenyewe.

Hapo ndipo alipomwona Bi Tunu akiinuka. Alishika ukingo wa ngazi, akaanza kupanda, kidato baada ya kidato, kuelekea kwenye kiti chake kimoja. Watu waliokuwa wakicheza walimpisha bila kumtazama, kama watu wanavyopisha mzigo.

"Bado," alisema Mejumaa.

Hapana aliyesikia. Alijaribu tena, na safari hii sauti yake, ambayo ilikuwa imejaza jengo miaka kumi na tisa, iliwafikia wote.

"Bado! Haijamaliza. Mimi ni mpangaji. Nadai isomwe mpaka mwisho."

Bi Wolak alimtazama kwa mshangao. Mwenyekiti wa Baraza akamnong'oneza mwenzake, akaangalia saa, akapandisha mabega. Sheria ilikuwa hivyo.

"Umeshikwa na nini, Meja?" Mwanamkuu alicheka. "Tumeshinda!"

Mejumaa alikuwa ameshaingia kwake. Alitoka na mkeka chini ya kwapa na ngoma mkononi. Ngoma aliipandisha vidato kumi na viwili na kuiweka miguuni pa Bi Tunu. Akateremka. Akatandika mkeka katikati ya ua, pale pale palipotandikwa miaka tisa nyuma, akakaa, akafunika kichwa kwa leso na kukiinamisha. Vicheko vilipungua kimoja kimoja, kama taa zinazozimwa.

"Endelea," alimwambia Bi Wolak.

Ukuta ukanong'ona. Nakwambia, Tunu, ni Kitwana. Sauti haikuwa na shaka, na kale kakikohozi mwishoni. Umemwona kwa macho yako, Meja? Ua mzima ulisikia. Mejumaa aliona viatu vya Mwanamkuu vikimjia na kusimama ukingoni mwa mkeka. Alingoja neno, au kofi. Havikusogea.

Kisha udi, nyimbo za hina, na bomba.

Ndo, ndo, ndo.

"Kuna mtu anagonga," sauti ya msichana ilisema ndani ya ukuta. "Ni huko kwa Kitwana."

"Mwacheni," Mejumaa wa ukutani alijibu. "Anataka kujua tuko wangapi." Na jiko zima likacheka, vicheko ishirini, thelathini, na kila mtu uani alikisikia cha kwake.

Ndo, ndo, ndo.

Siku zote Mejumaa aliamini kuwa Kitwana aligonga mara ile moja tu. Lakini mashine iliendelea, na bomba likaendelea. Nyimbo zikaisha, wageni wakaaga, vyombo vikaoshwa, ndo, ndo, ndo. Asubuhi yake. Adhuhuri yake. Polepole zaidi, lakini tatu, kila mara tatu, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi. Mwanamkuu alitoa sauti ambayo Mejumaa hakuwahi kuisikia kwa kiumbe.

Mkeka ulicheza. Mtu alikuwa amekaa kando yake, na magoti yakalia.

"Na mimi nilisikia," alisema Mzee Chirau, kofia mapajani. "Linapita kwangu."

Akaja mwanamke wa karibu na mlango. Akaja bibi harusi wa siku ile, sasa mama wa watatu.  Mkeka ukajaa, wengine wakakaa kwenye saruji, vichwa chini, mpaka waliobaki wamesimama ni Mwanamkuu, na juu kwenye ngazi Bi Tunu, ngoma miguuni pake, hajaigusa.

Ukuta ulikuwa bado unagonga.